Sumaku na Baridi Kali

Watu wengi wanaofika Kaole huja kuyaona magofu. Hutembezwa kwenye misikiti miwili ya mawe na makaburi yenye nguzo, huonyeshwa vipande vya vyombo vya Kichina, kisha huambiwa kuwa hapa palikuwa na bandari kabla Bagamoyo haijashika jina. Bandari yenyewe hawaioni. Mikoko imeifunga, palipotia nanga majahazi sasa pana tope na mizizi. Mimi hupenda kuwatajia wageni wangu bidhaa moja ambayo aghalabu hawaiulizii, nayo ni sandarusi.

Sandarusi ni utomvu wa msandarusi uliofukiwa ardhini kwa muda mrefu hata ukawa mgumu na wa kung'aa. Watu wa Mrima waliichimba kwa majembe katika ardhi ya mchanga nyuma ya pwani hii. Ile isiyokomaa iliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa ya chini. Katika karne ya 19 ilipimwa kwa frasila, ikavushwa hadi Unguja, na baada ya mkataba wa Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833 nyingi ilisafirishwa hadi Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Huko ilioshwa, ikachaguliwa, ikayeyushwa kuwa vanishi ya kupaka samani na magari ya farasi. Mchimbaji wa Uzaramo alijua frasila yake imepata doti ngapi za nguo. Hakuwapo mtu wa kumwambia ilikokwenda na ilikofanyiwa kazi gani.

Mwalimu wa fizikia huitazama sandarusi kwa jicho jingine. Ukiisugua kwa kitambaa kikavu, huvuta vipande vya makapi. Kaharabu nayo, ambayo ni utomvu wa kale wa nchi za kaskazini, hufanya vivyo hivyo. Waajemi waliiita kwa jina lenye maana ya mnyang'anyi wa majani makavu. Waarabu wakalichukua jina hilo, likafika pwani yetu likawa kaharabu, na hadi leo Waarabu umeme wote wanauita kwa jina lilelile. Wagiriki kwa upande wao kaharabu waliiita elektron. Kwa hiyo elektroni, ambayo kila mtoto wa sekondari huichora kwenye daftari lake, imepewa jina la utomvu, ndugu wa sandarusi yetu.

Mwaka 1600 tabibu mmoja wa London, William Gilbert, alichapisha kitabu cha Kilatini juu ya sumaku. Humo alitenganisha nguvu ya kaharabu na nguvu ya sumaku: moja inataka kusuguliwa na huvuta takriban kila kitu chepesi, nyingine haitaki kusuguliwa na huchagua chuma. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa wameijua sindano ya sumaku tangu zamani. Ahmad ibn Majid aliandika habari zake katika karne ya 15, ingawa yeye na wenzake walizitegemea nyota zaidi. Kwa miaka 220 baada ya Gilbert mambo hayo mawili yalihesabiwa kuwa mbalimbali. Ndipo mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, huko Copenhagen, alipopitisha umeme katika waya uliokuwa karibu na dira, na sindano ikageuka. Tangu siku hiyo ikajulikana kuwa umeme unazaa sumaku, na swali la kinyume chake likazaliwa pia: je, sumaku nayo inaufanya nini umeme unaopita ndani ya kitu?

Ninachotaka kusimulia hapa ni majibu mawili ya swali hilo. Yote mawili yalipatikana katika baridi ambayo haijapata kushuka juu ya uso wa dunia, na yote mawili, kama nitakavyoonyesha, yana sehemu yake katika ardhi ya Tanzania.

Mwaka 1879 kijana Mmarekani, Edwin Hall, alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore. Alichukua jani jembamba la dhahabu, akapitisha mkondo wa umeme kwa urefu wake, akaliweka katikati ya ncha za sumaku. Volteji ndogo ikatokea kwa upana, kutoka ukingo hadi ukingo, ambako hakuna betri iliyofungwa. Mvuvi yeyote wa Kaole angeweza kumweleza sababu: ngalawa inaelekea kaskazini, matlai yanavuma kutoka baharini, nayo inasogea kidogo kidogo upande wa bara. Umeme uliokuwa ukienda mbele ulikuwa ukisukumwa ubavuni. Elektroni yenyewe ilikuwa bado haijathibitishwa. Hilo lilingoja J. J. Thomson mwaka 1897. Namwomba msomaji aliweke jani hili la dhahabu akilini, maana tutalirudia karne moja baadaye.

Jibu la kwanza lilitoka Leiden, Uholanzi, kwa mtu aliyekuwa na hamu ya baridi. Heike Kamerlingh Onnes alitaka kuigeuza kila gesi kuwa kimiminiko, na iliyobaki ikimshinda kila mtu ilikuwa heliamu. Gesi hii ilitambuliwa kwanza juani, wakati wa kupatwa kwa jua mwezi wa Agosti 1868, mwaka uleule ambao Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni yao Bagamoyo. Hapa duniani haikupatikana mpaka mwaka 1895, William Ramsay alipoitoa katika jiwe lenye urani. Onnes aliipata yake kutoka katika mchanga wa monaziti ulioagizwa North Carolina kwa msaada wa ndugu yake aliyekuwa na kazi katika ofisi ya habari za biashara mjini Amsterdam. Tarehe 10 Julai 1908, baada ya kazi ya mchana kutwa, alipata kimiminiko cha ujazo wa kama kikombe kidogo cha kahawa, kile cha wauza kahawa wetu wa mitaani. Joto lake lilikuwa nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri.

Kwa kikombe hicho Leiden ikawa mahali pa baridi kuliko pote duniani. Mwaka 1911 Onnes na wasaidizi wake walipoza zebaki ndani ya heliamu ili kupima ukinzani wake. Gilles Holst ndiye aliyekaa kwenye vyombo vya kupimia. Walitazamia ukinzani upungue taratibu. Badala yake, karibu na joto la heliamu inayochemka, ulianguka ghafla ukawa haupimiki. Umeme ukipita humo haupati kizuizi wala hautoi joto. Ukianzishwa katika pete ya namna hiyo, huzunguka pasipo betri miaka nenda miaka rudi. Kitu cha namna hii tunakiita superkondakta.

Onnes hakuwa mtu wa kuota ovyo, lakini mwaka 1913, mwaka aliopata Tuzo ya Nobel, alieleza katika mkutano wa Chicago ndoto yake: asokote waya wa superkondakta, apitishe mkondo mkubwa, apate sumaku ya tesla 10 bila waya kuungua. Msomaji apime ukubwa wa ndoto hiyo kwa kujua kuwa sumaku ya dunia, inayogeuza dira ya nahodha hapa Kaole, haifiki sehemu moja ya elfu ishirini ya tesla moja. Mwaka uliofuata akajaribu, na ndoto ikavunjika. Risasi iliyopozwa katika heliamu ilirudi kuwa risasi ya kawaida, yenye ukinzani wake wote, mara sumaku ilipofika sehemu kama moja ya ishirini ya tesla. Kumbe superkondakta hizo ziliogopa sumaku, na mkondo uliotakiwa kuizaa sumaku ndio ungeziua. Mlango ukafungwa pale kwa miaka mingi.

Kwa nini ziogope? Mwaka 1933 Walther Meissner na Robert Ochsenfeld, mjini Berlin, walionyesha kuwa superkondakta si waya mzuri tu. Ikiwekwa kwenye uga wa sumaku kisha ikapozwa, inausukuma uga wote nje ya mwili wake. Hufanya hivyo kwa kuzungusha mikondo kwenye ngozi yake, na kazi hiyo ina gharama. Sumaku ikizidi, gharama huwa kubwa kuliko faida ya kubaki katika hali hiyo, nayo husalimu amri. (Neno uga kwa maana hii limo katika kamusi ya sayansi ambayo TUKI waliitoa mwaka 1990. Niliwahi kusikia walimu wakilicheka, wakisema uga ni wa kuchezea ngoma. Mimi naona ndiyo sababu linafaa: uwanja wote una nguvu, mchezaji akiingia anachezeshwa.)

Aliyekuja kuufungua tena mlango ni mtu ambaye nadhani hakupewa haki yake, wala katika nchi yake wala katika vitabu tulivyosomeshea. Lev Shubnikov alikuwa Mrusi aliyekwenda Leiden mwaka 1926. Huko, pamoja na Wander de Haas, aligundua mwaka 1930 kuwa ukinzani wa fuwele safi ya bismathi ukiwa katika baridi kali hupanda na kushuka kama mawimbi kadiri sumaku inavyoongezwa. Kisha akarudi nyumbani, akaanzisha maabara ya baridi katika taasisi ya fizikia ya Kharkov, Ukraine. Mnamo 1936 na 1937 yeye na wenzake watatu walipima risasi iliyochanganywa na thali. Wakaona jambo jipya. Mchanganyiko ule haukuufukuza uga wote na kisha kufa. Uliuzuia mpaka kiwango fulani, halafu ukauacha uingie kidogo kidogo, huku wenyewe ukiendelea kuwa superkondakta mpaka kiwango cha pili kilicho juu sana kuliko cha kwanza.

Mwezi wa Agosti 1937 polisi wa Stalin walimkamata Shubnikov, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo akapigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 36. Mkewe, Olga Trapeznikova, alikuwa mwanafizikia wa maabara ileile. Jina la Shubnikov halikusafishwa mpaka mwaka 1957, na vipimo vyake kwa muda wote huo vilikaa katika majarida bila watu wengi kujali. Hakuna maabara inayoendelea vizuri baada ya mkuu wake kuchukuliwa namna hiyo.

Mwaka uleule wa 1957 Alexei Abrikosov, kule Moscow, alichapisha nadharia iliyoeleza vipimo vile. Alikuwa ameifikiria miaka kadhaa kabla, lakini mkubwa wake, Lev Landau, hakuikubali, na kijana akaiweka mtofautini. Kwa maelezo yake, sumaku inaingia ndani ya superkondakta za aina hii ya pili kama nyuzi. Kila uzi una kiasi kilekile cha sumaku, hakizidi wala hakipungui, na kuuzunguka kila uzi kuna kimbunga kidogo cha umeme. Nyuzi hizo zinajipanga zenyewe kwa pembetatu, kama minazi ya shamba lililopandwa na mtu mwangalifu. Katikati ya kila uzi hali ya superkondakta imekufa. Baina ya uzi na uzi iko hai. Mwaka 1967 watafiti wa Ujerumani walizinyunyizia unga laini wa chuma, na shamba lile la pembetatu likapigwa picha.

Lakini kuziruhusu nyuzi ziingie hakutoshi. Mkondo ukipita, unazisukuma ubavuni kwa nguvu ileile iliyosukuma umeme wa Hall, na uzi ukitembea ukinzani unarudi. Lazima zishikwe. Kinachozishika ni kasoro: punje za madini mengine, mipasuko midogo, mahali ambapo fuwele haikupangika sawasawa. Hapo mafundi wa chuma walilazimika kujifunza kuharibu kwa makusudi. Nikitazama mikoko ya Kaole huona mfano wake, kwa jinsi mizizi inavyolishika tope lisiende na maji. Tofauti ni kwamba hapa mizizi iliua bandari, na kule iliokoa waya. Mwaka 1961 John Kunzler na wenzake wa maabara za Bell, Marekani, walipitisha mkondo mkubwa katika waya wa niobi na bati ndani ya sumaku ya tesla 8.8, nao ukastahimili. Baadaye ukaja waya wa niobi na titani, ambao unasokoteka kwa urahisi zaidi. Ndoto ya Onnes ikatimia, naye amekwisha kufa tangu mwaka 1926.

Wengi wetu sumaku hiyo tunakutana nayo hospitalini. Mimi nililazwa ndani yake kwa sababu ya mgongo, katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Muuguzi aliniuliza mara tatu kama nina chuma mwilini, akanivua saa, akaniziba masikio. Hospitali ya Taifa Muhimbili nayo inayo mashine ya namna hiyo, ile iitwayo MRI. Katika nyingi za mashine hizi kuna maili kadhaa za waya wa niobi na titani, umezama katika heliamu ya kimiminiko, na mkondo ulioanzishwa siku ilipofungwa bado unazunguka. Nguvu yake kwa kawaida ni tesla 1.5, zaidi ya mara 40,000 ya ile ya dunia hapa kwetu. Viini vya haidrojeni katika maji ya mwili hufuata uga huo kama sindano nyingi ndogo za dira. Vikitikiswa kwa redio hujibu, na majibu yao hufanywa picha. Makelele yanayomtisha mgonjwa ni ya nyaya nyingine za pembeni zinazowashwa na kuzimwa ndani ya sumaku kubwa, zikasukumwa huku na huku. Wakati nikiwa humo nilijaribu kuhesabu midundo, nikashindwa. Mwaka 2003 Abrikosov alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Ginzburg na Leggett, na mwaka huohuo ya tiba ilikwenda kwa Lauterbur na Mansfield walioianzisha mashine hii. Sijui kama kamati mbili zile ziliambiana.

Mashine ya namna hiyo hubeba lita 1,500 hadi 2,000 za heliamu, ingawa siku hizi ziko zilizofungwa zinazotumia lita chache tu. Sehemu ndogo ya waya ikipata joto, nyuzi za sumaku hutoroka, ukinzani hurudi, joto huzidi, na katika muda mfupi heliamu yote huchemka na kutoka kwa bomba juu ya paa. Lita moja ya kimiminiko hutoa zaidi ya lita 700 za gesi. Ikishatoka hairudi; ni nyepesi mno, hatimaye huondoka hata katika anga la dunia. Mwaka 2017 Qatar ilipogombana na majirani zake, viwanda vyake vya heliamu vilifungwa kwa muda, na wenye mashine hizi duniani wakaanza kuhesabu mitungi.

Hapo ndipo Rukwa inapoingia. Mwezi wa Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwa bonde la Rukwa lina heliamu nyingi. Makadirio ya wakati ule kwa sehemu moja ya bonde yalikuwa futi za ujazo bilioni 54. Asili yake inafaa kuelezwa darasani. Miamba ya kati ya nchi yetu ni ya kale mno, na ndani yake urani na thori zimekuwa zikioza polepole. Kila atomi inayooza hutoa chembe ambayo Ernest Rutherford alithibitisha kuwa ni heliamu, katika mwaka uleule wa 1908 ambao Onnes alikijaza kikombe chake. Gesi hiyo hukaa imefungwa ndani ya mwamba. Bonde la Ufa lilipopasuka na volkeno zikapasha miamba joto, ikafunguliwa, ikapanda pamoja na naitrojeni, nyingine ikatokea kwenye chemchemi za moto, nyingine ikanaswa chini ya matabaka ya udongo wa ziwa. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula kilijaribiwa, nacho kilitoa gesi yenye heliamu hadi juu ya ardhi.

Nitasema ninavyoona. Sheria ya madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji, na hilo ni jambo ambalo mchimba sandarusi hakuwa nalo. Lakini mtoto wa Momba au Sumbawanga anayesikia neno heliamu katika taarifa ya habari anaambiwa kuwa ni gesi ya puto. Waandishi wetu wengi huishia hapo. Hakuna anayemwambia kuwa pasipo baridi hiyo sumaku ya hospitalini inageuka sufuria kubwa ya waya, na kwamba aliyevumbua kinachoendelea ndani yake alipigwa risasi kabla hajafika miaka 40. Bei ya bidhaa huwekwa na anayejua inafanya kazi gani. Salem walijua kazi ya sandarusi.

Sasa turudi kwenye jani la dhahabu la Hall. Katika dhahabu elektroni zina nafasi ya kwenda juu na chini, hata jani liwe jembamba vipi. Lakini katika vipande vya silikoni vinavyotumika kutengenezea kompyuta, inawezekana kuzifungia elektroni kwenye utando mwembamba kiasi kwamba zinakwenda mbele, nyuma na pembeni tu. Juu na chini hakuna. Elektroni za namna hiyo zinaishi katika nchi ya pande mbili, kama chungu juu ya meza isiyo na miguu.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1980, katika maabara ya sumaku kali mjini Grenoble, Ufaransa, Mjerumani Klaus von Klitzing alikuwa akirudia jaribio la Hall kwa utando kama huo, katika baridi ya heliamu na sumaku ya karibu tesla 20. Katika dhahabu ya Hall volteji ya ubavuni hupanda sawasawa na sumaku. Hapa ilipanda kwa ngazi. Ilifika mahali ikatulia, sumaku ikaendelea kuongezwa nayo isitikisike. Kisha ikaruka hadi ngazi nyingine. Na kila ilipotulia, ukinzani wa mbele ulianguka karibu na sifuri, kana kwamba utando umekuwa superkondakta.

Sababu yake, kwa maneno ya ngomani, ni hii. Sumaku kali huizungusha kila elektroni katika duara, na sheria za kwanta haziruhusu duara la ukubwa wowote. Ziko ngazi maalumu tu, kama Landau alivyoonyesha mwaka 1930, na mawimbi ya Shubnikov katika bismathi yalikuwa dalili ya kwanza ya ngazi hizo. Ngazi ikijaa, elektroni za katikati ya utando hazina pa kwenda. Zile za ukingoni haziwezi kukamilisha duara. Zinagonga ukuta, zinaruka mbele, zinagonga tena, zote zikielekea upande mmoja. Kwa kuwa hakuna njia ya kurudi, hakuna kinachozizuia. Uchafu wa utando hauzidhuru. Kama katika waya wa niobi, kasoro kidogo zinahitajika ili ngazi ziwe pana za kuonekana.

Kilichowashtua watu zaidi ni namba. Ukinzani wa ngazi ya kwanza ni omu 25,812.807, za zinazofuata ni nusu ya hiyo, theluthi yake, robo yake, na ni zilezile katika kila kipande, kiwe cha silikoni au cha kitu kingine, kikatwe hivi au vile. Namba hiyo hutokana na viwango viwili vya maumbile tu, chaji ya elektroni na namba ya Planck. Wazee wetu walipima nguo kwa dhiraa, yaani kwa mkono, na mwenye duka alichagua mwenye mkono mfupi. Frasila nayo haikuwa moja kila bandari. Tangu mwaka 1990 maabara za vipimo duniani zimetumia ngazi ya von Klitzing kama kipimo cha omu, na tangu tarehe 20 Mei 2019 chaji ya elektroni na namba ya Planck zimewekwa kuwa msingi wa mfumo wa vipimo wa kimataifa. Mkono wa mwenye duka umeondolewa kabisa. Von Klitzing alipata Nobel mwaka 1985.

Miaka miwili tu baada ya Grenoble, mwaka 1982, Daniel Tsui na Horst Störmer, wakitumia utando safi zaidi uliotengenezwa na Arthur Gossard, waliona ngazi mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na ngazi, kwenye theluthi moja. Robert Laughlin alieleza mwaka 1983 kuwa elektroni, zikiwa zimebanwa na sumaku kali hivyo, huacha kwenda moja moja na kucheza zote pamoja kama ngoma moja, na katika ngoma hiyo huonekana vitu vyenye theluthi ya chaji ya elektroni, ingawa hakuna elektroni iliyokatwa. Watatu hao walipata Nobel mwaka 1998. Nilipokuwa na wanachuo wa ualimu mbele yangu nilipenda kuwasimulia habari za Tsui kuliko hata fizikia yake. Alizaliwa mwaka 1939 katika kijiji cha Henan, China, wazazi wake hawakupata kujifunza kusoma, na mwaka 1951 walimpeleka Hong Kong ili asome.

Utando mwembamba kuliko wote ulipatikana mwaka 2004 Manchester, na waliopata ni Andre Geim na Konstantin Novoselov, kwa kubandua kinywe kwa utepe wa gundi mpaka likabaki tabaka moja la atomi za kaboni. Linaitwa grafini. Kinywe ni kile cheusi kilicho ndani ya penseli, na milima ya Mahenge, Ulanga, ina akiba yake kubwa. Mwaka 2005 ngazi za Hall zilionekana katika grafini, na mwaka 2007 zikaonekana humo katika joto la kawaida la chumba, pasipo heliamu yoyote, kwa sumaku ya tesla 45.

Na majibu mawili niliyoyatenganisha tangu mwanzo yamekutana katika kinywe hichohicho. Mwezi wa Machi 2018 Yuan Cao na Pablo Jarillo-Herrero, wa chuo cha MIT, pamoja na wenzao, walitangaza kuwa wameweka tabaka moja la grafini juu ya jingine, wakalizungusha kwa nyuzi 1.1, pembe ndogo kuliko ile ambayo mwanafunzi anaweza kuichora kwa mkono. Katika baridi ya chini ya nyuzi 2 juu ya sifuri halisi, tabaka hizo mbili za kaboni, ambazo peke yake kila moja haina tabia hiyo, zikawa superkondakta ya pande mbili. Ukiongeza sumaku, dhaifu sana kuliko ile ya hospitalini, hali hiyo huondoka na ukinzani hurudi, kama ulivyorudi katika risasi ya Onnes mwaka 1914.